Ng'ombe wa Wangare

Mtu wa siasa akisimama Kikopey kula nyama choma utamjua kwa kile anachoitisha. Kang'ethe huitisha mbavu za mbuzi, anataka zikauke mpaka mfupa ujitenge wenyewe, halafu anaziacha nusu. Anamfanyia kampeni mheshimiwa mmoja wa upande wetu, na kwa vile kura ni mwakani, siku hizi anapita hapa kila wiki akielekea Nakuru. Hukaa meza ya nyuma, karibu na jiko ninalochomea, kwa sababu kelele ya malori ya barabarani haifiki sana pale.

Siku hiyo aliniita kabla hata ya kunawa mikono.

"Mzee, nimesikia ulikuwa Kuresoi ule mwaka."

"Nilikuwa."

"Hebu keti."

Sikuketi. Nyama ikiwa juu ya moto haimngoji mtu. Niligeuza mguu wa mbuzi nikamwambia aseme tu.

"Niambie kama mtu aliyeona kwa macho. Wale walikuwa na nini, na sisi tulikuwa na nini? Nguvu yao, udhaifu wao. Na yetu pia. Hatutaki kupatwa tumelala tena."

Makokha, ambaye hukata nyama kando yangu, alicheka. "Boss, unachambua mechi kabla haijachezwa?"

"Wewe kata nyama," Kang'ethe akamwambia.

Mimi shule niliachia darasa la nne. Lakini hesabu hiyo nimeifanya tangu vita vya baada ya kura, mwaka huo wa 2008, kila nikilala upande mmoja wa kitanda. Sikuhitaji kufikiria.

"Wale Wakalenjin walikuwa na mishale," nikasema. "Panga inataka umkaribie mtu mpaka umwone macho. Mshale hautaki hivyo. Unakaa kwa kichaka, unauachilia, hakuna kelele, na ukitaka unaenda nyumbani ukijidanganya kwamba ulikosa. Msitu ulikuwa wao. Na vijana wao wametahiriwa pamoja, mmoja akiitwa wote wanatoka, haulizwi mtu mara mbili."

"Na udhaifu?"

"Mvua. Kamba ya upinde ikilowa inalegea. Halafu petroli hawakuwa nayo. Barabara yote kutoka Molo mpaka Nakuru ilikuwa yetu. Maduka yetu, malori yetu. Hata kwa idadi, sisi Wakikuyu tukihesabiwa tulikuwa wengi."

"Sasa mbona ni sisi tulichomwa?"

Aliuliza hivyo huku akinyonya mfupa. Mwaka huo yeye alikuwa Nairobi, chuoni. Nilitaka kumrushia koleo.

"Kwa sababu tulikuwa wengi kwa kuhesabiwa tu. Kila mtu alilinda ua lake. Mwenye lori alipakia bibi yake na makochi yake akateremka Nakuru. Wale waliokuwa nguvu yetu ndio waliotangulia kuondoka, wakaondoka nayo. Halafu mali yetu ilikuwa mahali pamoja. Nyumba, ghala, ng'ombe, yote kwa ua moja. Kiberiti kimoja kinatosha. Wale hawaweki ng'ombe pamoja."

"Wanawaweka aje?"

Nikamweleza, kama mtu anayesimulia msiba wake, si kama mtu anayeuza habari. Mkipsigis, ambaye ni Mkalenjin wa kule, akiwa na ng'ombe kumi, nyumbani kwake utakuta wanne. Wengine amewaweka kwa marafiki. Huyo rafiki anakunywa maziwa, lakini ng'ombe na ndama wake wanabaki wa mwenyewe, hata miaka ishirini ipite. Ugonjwa ukiingia kwa boma moja haumalizi wote. Moto pia. Na hawaangalii kabila sana katika hilo. Tulikuwa na ng'ombe wao kwa vibanda vyetu, nao walikuwa na wetu.

"Wiki za kabla ya kura ile, walianza kupita nyumba kwa nyumba wakichukua ng'ombe wao kwetu. Sisi tukasema hawa watu wamekuwa wachoyo. Hakuna aliyeelewa. Kumbe walikuwa wanawaondoa kwenye moto ambao haujawashwa."

Kang'ethe aliacha kutafuna. "Kwa hivyo ng'ombe wakianza kurudi kwa wenyewe…"

"Ujue moto uko karibu."

Aliifuta mikono yake pole pole, akaondoka. Mbavu alizibakisha kama kawaida.

Sasa niseme kuhusu Wangare, maana bila yeye haya mengine hayana maana. Alikuwa mke wangu. Tulikuwa na shamba la ekari tatu Kuresoi, la viazi na mahindi kidogo, na jirani yetu wa karibu alikuwa Kibii. Wangare na Kibii walikuwa wanataniana kila siku mpaka mke wa Kibii akawa ananiuliza mimi nasema nini. Wangare alikuwa na mtamba mmoja mweupe aliyeitwa Nyange, aliyemnunua kwa pesa zake za viazi, akampa Kibii amtunzie. Kibii alimpeleka chini kwa wakwe zake, mbali na kwetu.

Vita vilipoanza tulikimbilia kanisani kwenye senta, mimi, Wangare na binti yetu Kui, aliyekuwa bado mdogo wa shule ya msingi. Asubuhi ya pili Wangare akasema anarudi kukamua. Tulikuwa tumeacha ng'ombe wawili kwa kibanda, na ng'ombe ambaye hajakamuliwa hulia kama mtu. Alisema anawasikia. Kutoka kanisani mtu hawezi kusikia, ni mbali, lakini alisema anawasikia. Walimpiga mshale akiwa na ndoo mkononi. Si majirani. Ni vijana walioletwa kutoka kwingine, hawakumjua, hawakujua hata ng'ombe ni wa nani. Kibii ndiye aliyemkuta, akamfunika, akachimba kaburi peke yake kando ya ua la miti ya saiprasi, kwa sababu mimi sikuweza kupita.

Waliowaleta wale vijana leo wana majumba. Waliowaleta wetu pia. Nimewachomea nyama wote.

Mimi niliapa sitalala Kuresoi tena. Lakini Kui alirudi. Alipokuwa mtu mzima alikataa kazi ya maua Naivasha, akasema hawezi kulipa kodi ya chumba huko Kamere na mama yake ana ekari tatu. Akapanda viazi vya shangi, akajenga nyumba ya mabati. Kibii alikuwa amelinda ua la shamba miaka hiyo yote. Msimu huu ulikuwa wa tatu.

Juma moja baada ya yale mazungumzo, Kang'ethe akiwa tena meza ya nyuma na wenzake wawili, simu yangu ililia. Ilikuwa Kui, na alikuwa anacheka.

"Baba, hutaamini! Mzee Kibii ameniletea ng'ombe. Mjukuu wa Nyange wa mama. Mweupe vile vile, na jina ni lile lile! Na ana mimba. Amesema ni wetu, nimchukue."

Nilisogea mbali na moto ili nisikie vizuri.

"Ameleta mwenyewe?"

"Amemtuma Kipruto kijana wake. Ameletwa na kamba mpya."

"Wewe uliitisha?"

"Sikuitisha. Baba, mbona unauliza hivyo?"

"Kui, toka hapo. Unasikia? Acha viazi, toka leo. Wakirudisha ng'ombe bila kuulizwa…" Sikujua kwamba nilikuwa napiga kelele mpaka nilipomwona Makokha ameweka kisu chini.

Kui akakataa. Viazi vilikuwa bado wiki mbili, ngozi ilikuwa inachubuka kwa kidole, nani angenunua viazi vya kuchubuka? Tukabishana, akakata simu. Nilipogeuka, Kang'ethe alikuwa amesimama na simu yake sikioni.

"Ndiyo, wameanza kurudisha ng'ombe," alikuwa anasema. "Nimeipata kwa mtu wa hapo hapo."

Mtu asiniambie kwamba ni mimi niliyeianzisha. Mimi nilikuwa naongea na mtoto wangu.

Asubuhi ya kesho yake nilikuwa Kuresoi. Kulikuwa na ukungu na mvua ile nyembamba ya kule, na matope yalikuwa ya kushika kiatu. Kui alikuwa shambani, amevaa gambuti, amesimama kama mama yake, mkono mmoja kiunoni. Ng'ombe mweupe alikuwa amefungwa kwa saiprasi, kando ya kaburi, anakula majani.

"Umekuja kunibeba?" Kui akaniuliza.

"Kama itabidi."

"Basi uanze na magunia."

Nilimwambia tuende kwa Kibii kwanza, aniambie usoni. Tulipita ua. Nyumbani kwake kulikuwa na watu wengi kuliko kawaida, wanaume wameketi nje bila kuongea, nami nikasema moyoni, hawa ndio wanakutana kupanga. Kipruto, kijana mkubwa wa Kibii, akatupokea. Hakuuliza tumefuata nini. Alitufungulia mlango wa chumba cha ndani.

Kibii alikuwa kitandani. Sikumjua. Mtu ambaye alikuwa anabeba gunia la viazi kila bega alikuwa amebaki macho na pua.

"Baba Kui," akasema kwa sauti ya mtu anayenong'ona. "Umenenepa. Nyama ya watu inakufaa."

"Na wewe umekwisha."

"Nimekwisha. Ni kitu kwa koo. Hata chai inapita ikiombwa. Daktari alinipiga picha, akaiangalia, akanyamaza. Daktari akinyamaza unajua."

Niliketi kwenye kiti cha kando. Maneno niliyokuja nayo yalikuwa yamenipotea, lakini nikauliza.

"Ng'ombe ulimrudisha wa nini?"

"Ulitaka nife naye? Nikifumba macho, hawa watagawana kila kitu chenye mkia. Nani atakumbuka huyu ni wa Wangare? Nimerudisha vya watu wote. Vya mwalimu, vya yule Mkisii wa duka. Nikamaliza na wake." Akapumzika. "Kwani wewe ulifikiria nini?"

Alinitazama, na nikaona ameelewa nilichofikiria.

"Wee, Baba Kui."

"Mwaka ule mlichukua ng'ombe zenu, halafu baada ya wiki mbili tukachomwa."

"Mwaka ule ilikuwa vita. Mwaka huu ni koo yangu."

"Sasa mbona mwaka ule hukuniambia?"

Alivuta blanketi mpaka kidevuni.

"Nilikuja kuchukua ng'ombe yangu mchana, kila mtu akiniona. Nilidhani utaelewa. Ningelitoa neno hilo kwa mdomo, ningechomwa mimi kwanza."

Nikatoka nje. Wale wanaume walioketi uani walikuwa ni ndugu zake, wamekuja kumuaga. Mmoja alikuwa analia bila kujifuta.

Nikampigia Kang'ethe pale pale.

"Ni mgonjwa tu," nikamwambia. "Mzee anakufa, anapanga mali yake. Hakuna vita. Waambie watu wako."

"Mzee, hiyo usiiseme sana."

"Kwa nini nisiseme? Si ndiyo ukweli?"

"Ile ya kwanza imeshaenda. Mheshimiwa amesikia. Watu wetu wa huko wana hofu, lazima walindwe. Vijana wametoka Nakuru alfajiri, na sasa hivi wako Molo."

"Vijana gani? Nani aliitisha vijana? Kui ni wangu na hajaitisha mtu!"

"Wewe kaa ndani na msichana wako. Tumeangalia mambo. Kama yule mzee wao anakufa ni afadhali, hawatakuwa na mtu wa kuwazuia wakitoka ovyo. Watakuja bila mpango."

Yaani huyu mtu alikuwa bado anachambua. Nguvu, udhaifu. Kifo cha Kibii alikiweka upande wetu kama bao.

Nikamuuliza kitu kimoja. Sijui kwa nini nilikiuliza, labda ni mazoea ya kazi.

"Hao vijana wamekula?"

"Watakula wakimaliza," akasema, akakata.

Kipruto alikuwa amesimama nyuma yangu. Kwa simu yake pia ilikuwa imeshaingia picha ya lori, na maneno kwamba Wakikuyu wanaletwa kumaliza watu. Nani alipiga picha hiyo, nani aliituma? Mtu fulani anayelala kwa kitanda kizuri.

"Wetu wameanza kupanda kule juu kwa miti," Kipruto akasema. "Siwezi kuwashika. Baba angeweza kama angekuwa na sauti."

"Wako wangapi?"

"Unataka kuhesabu pia?"

Alikuwa na haki kuniuliza hivyo. Tukasimama kando ya ua, mimi na yeye, tukafanya ile hesabu tena, kwa sababu hatukuwa na kingine cha kufanya. Wao walikuwa na kilima, mishale na hasira ya kusumbuliwa mzee wao akiwa anakata roho. Lakini mvua ilikuwa inanyesha, kamba zingelegea, wangelazimika kushuka karibu. Wetu walikuwa na lori na wingi, na mapanga mapya. Lakini hawakujua njia hata moja ya mahali hapo, na walikuwa kwenye lori tangu alfajiri, wamelowa, na tumbo tupu. Barabara ile ya matope lazima ingewachelewesha kwenye mlima. Na Kui yuko katikati. Mabati yake yanang'aa kuliko nyumba zote, ndiyo ya kwanza kutoka barabarani. Wa upande wowote angeanza na hiyo.

"Nitamfungia Kui kwenu," nikasema.

"Mshale ukianza hapa, atakuwa salama kwetu mpaka lini?" Kipruto akauliza. Hakuuliza kwa ubaya.

Nikamtazama yule ng'ombe mweupe kwa saiprasi. Alikuwa ameinua kichwa, anatafuna.

Nimechoma nyama miaka mingi. Nimeona wanaume waliokuja Kikopey wakigombana, wametoka kwa gari wakiwa wameshikana mashati, na harufu ikiwapata wanaachana kuulizana nani ananunua. Si kwamba wanapatana. Ni kwamba mtu mwenye njaa hana hasira mbili, ana moja, na hiyo ya tumbo ndiyo ya karibu. Udhaifu wa lori lile niliujua, na Kang'ethe ndiye aliyeniambia kwa mdomo wake.

"Kui," nikaita. "Leta kisu kikubwa. Na uwashe moto kule chini, pale barabara inapovuka mto. Tumia nguzo za ua kama kuni zimelowa."

Alinitazama, kisha akamtazama ng'ombe.

"Baba, hapana. Ana mimba."

"Najua."

"Ni wa mama!"

"Najua ni wa nani."

Kipruto alimfungua ng'ombe kamba akamteremsha, lakini alipofika kwa mto akasimama. "Mzee, ng'ombe wa mimba hachinjwi."

"Najua."

"Hata kwenu?"

"Hata kwetu. Shika kichwa."

Alikishika. Huyo kijana nitamheshimu mpaka nife. Tulimlaza kwenye majani kando ya barabara, na Nyange hakupigana, alikuwa amezoea watu. Alilia mara moja tu. Kui alikuwa amegeuka, anapiga nguzo na shoka kama anaziadhibu. Ndama nilimtoa, nikamfunika kwa koti langu, sikutaka mtu amwone. Alikuwa na manyoya tayari. Mweupe.

Nikaanza na ini, kwa sababu ini halichelewi na harufu yake huenda mbali. Halafu mbavu. Moto ulikataa, ukakubali, ukakataa tena, mpaka Kui akamwaga mafuta ya taa ya koroboi yake yote. Moshi ukajaa bonde lote na ukungu ukaushika chini. Juu kwenye miti niliona vichwa vikitembea.

Lori lilipotokea, vijana walikuwa wanalisukuma. Walikuwa matope mpaka magotini. Wakubwa hawakuwa ndani; Kang'ethe alikuwa amebaki Molo kwenye hoteli, kungoja habari. Vijana walipoona moto na mtu mmoja mzee na koleo, wale wa mbele wakainua mapanga, kisha wakasimama, kisha mmoja akanusa.

"Niaje, buda. Hiyo ni nini?"

"Unaona ni nini?"

"Ni ya nani?"

"Yenu. Na yao wale wa juu. Kila mtu akae upande wake wa barabara."

Mmoja mwembamba mwenye kofia akanikaribia, akaniangalia kwa kukunja uso. "Wee! Si huyu ni yule mzee wa Kikopey? Wa mbavu! Wasee, huyu ni mzee wa mbavu!"

Wengine wakacheka, kicheko cha baridi na njaa. Mmoja akasema wametumwa kazi, si kula. Mwenye kofia akamwambia, "Kazi gani na hatujapewa hata chai? Wewe nenda ufanye, utanikuta hapa."

Kipruto alichukua mguu mzima wa nyuma begani, akapanda nao kwa miti kwa watu wake. Sikujua kama atarudi. Alirudi na wanaume wengi nyuma yake, pinde zao zimefungwa kwa plastiki kwa sababu ya mvua. Walikaa upande wa juu wa barabara, wetu upande wa chini. Nilikata nikigawa, nikakata nikigawa. Hakuna aliyeongea na wa upande wa pili. Walikuwa wanatazamana wakitafuna, kila mtu na silaha kwa goti, na mafuta yakiwatiririka kwa vidole. Usidhani ilikuwa sherehe. Sijawahi kuona watu wakila kwa uchungu hivyo.

Mwenye kofia alikuja kuongezewa.

"Buda, ng'ombe alikuwa wako?"

"Wa mke wangu."

"Ye yuko wapi?"

Nilimwonyesha kwa kisu, kule kwenye saiprasi. "Aliuawa mwaka ule."

Aliangalia upande wa juu wa barabara. "Na wale?"

"Si wale. Vijana walioletwa kutoka kwingine. Kama wewe."

Alisimama na ule mfupa mkononi. Baadaye niliona amewaambia wenzake kitu, na panga lake akalitupa ndani ya lori kwa kelele ili lisikike. Walipomaliza nyama walimaliza na hamu ya kile walichotumwa. Walikuwa wazito, wamelowa, na mvua ilikuwa inaongezeka. Wakageuza lori. Lilikwama, na nusu ya waliolisukuma kutoka matopeni walikuwa na pinde mgongoni, kwa sababu walitaka liende.

Landrova ya askari ilifika nyama ikiwa imekwisha. Wakauliza kama kuna mifupa ya supu.

Jioni niliingia kwa Kibii. Alikuwa amesikia ule mlio.

"Ni Nyange aliyelia?"

"Ndiyo."

"Nimemrudisha jana tu, Baba Kui."

"Ndiyo."

Alitikisika kitandani, nikadhani ni kifo, kumbe ni kicheko. "Wangare angekutukana," akasema. "Angekutukana mpaka majirani wahame." Kisha akaanza kukohoa, Kipruto akaniomba nitoke.

Alikufa siku chache baadaye. Nilishirikiana na watoto wake kumzika, nikashika sepetu kama yeye alivyoshika kwa mke wangu. Kui alisema hahami. Alichimba viazi vyake ngozi ilipokaza, akaviuza, akaanza kulima tena.

Kang'ethe hakuja Kikopey karibu mwezi. Aliporudi, hakuja peke yake. Alikuja na mheshimiwa wake, na yule mheshimiwa wa upande wa pili, yule ambaye watu wake walikuwa wanatuma picha za lori. Sasa wako chama kimoja, au wanaongea kuhusu kuwa chama kimoja, sielewi. Walikaa meza ya nyuma wakacheka sana. Nilisikia mmoja akisema, "Lakini nyinyi mna kura nyingi," na mwingine akajibu, "Na nyinyi mna watu wanaotii." Wakagonga glasi.

"Hawa wanachambua mechi gani tena?" Makokha akaninong'oneza. Niligeuza mbavu.

Simu ikalia mfukoni. Kui. Amemaliza kupanda, alisema, mbegu imetosha, Kipruto amemsaidia na maksai wake. Halafu akashusha sauti.

"Baba, na mwakani?"

Niliangalia meza ya nyuma. Mwaka mzima ulikuwa umebaki, na watu hao bado wana malori, na wale vijana bado wana njaa. Mimi ng'ombe nilikuwa naye mmoja.

"Mwakani nitakuja," nikamwambia. "Utengeneze kitanda cha pili."

Akasema atatengeneza. Nikarudi kwa moto, maana walikuwa wameitisha mbavu nyingine, na zile za kwanza walikuwa wameziacha nusu.